Likizo sio notisi

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia, ila ile habari ya juzi ya kiwanda kilichofungwa imenikaa kooni. Mwandishi wenu kasema wafanyakazi wamepewa likizo ya siku 28 na ikiisha ndo ajira zimekoma, kisha akahamia kwenye malalamiko ya meneja kuhusu gharama za umeme. Notisi ya kuachishwa kazi iko wapi? Hakuuliza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo, hiyo mtu keshaitolea jasho. Mwajiri kupanga iende lini sikatai, anaruhusiwa. Lakini notisi ni kitu kingine, anayelipwa kwa mwezi anapewa isiyopungua siku 28, na kifungu cha 41 kinakataza kumpa mtu notisi akiwa likizo au kuzipeleka zote mbili kwa pamoja. Sasa kwa kuwa namba zinafanana waajiri wanazifanya moja, wanalipa mwezi mmoja badala ya miwili na watu wanasaini.

Sisi tulifanyiwa hivyohivyo kwenye kiwanda kimoja hapa Dar. Shifti ya asubuhi inafika inakuta geti limefungwa, karatasi imebandikwa kwamba uzalishaji umesimama, wote nendeni likizo mtapigiwa simu. Hamna kikao wala mtu wa chama cha wafanyakazi aliyeitwa, wakati kifungu cha 38 kinamtaka mwajiri anayetaka kupunguza watu atoe taarifa, aseme sababu na akae nao mezani kwanza. Tukakaa majumbani tunasubiri. Simu ilipokuja tukaambiwa njooni msaini, kuangalia barua ina tarehe ya siku ileile geti lilipofungwa, eti ile likizo ndo ilikuwa notisi yenyewe na kiinua mgongo hakuna kwa sababu kampuni haina hela. Kuna mama wa pakingi alikuwa na miaka 9 pale, sheria inampa siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia, kikomo miaka 10, yaani yeye ni siku 63, akaondoka na hela ya nauli tu, analia mbele ya vijana aliowafundisha kazi mwenyewe na afisa utumishi anamwambia mama usitupotezee muda. Tukaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, tukaambiwa mgogoro wa kuachishwa kazi unafunguliwa ndani ya siku 30 na kwa tarehe ya ile barua tumeshachelewa, tuanze kwa kuomba kuongezewa muda. Yaani siku zote ulizokaa ukijua upo likizo kumbe ndo muda wako wa kudai unaisha! Wengi waliishia hapo, nauli za kwenda na kurudi Tume utatoa wapi mshahara umekatika.

Na hili la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nalo mliandike. Kila mwezi slipu inaonyesha nimekatwa asilimia 10, kwenda kuangalia taarifa ya michango kuna miezi haipo kabisa, na michango hiyohiyo ndo inayoangaliwa ukiomba fao la kukosa ajira. Mchango usipofika mwezi mmoja tu mtu wa ukaguzi awe ameshafika kiwandani, sio mpaka kife.

Naiomba wizara ya kazi iweke utaratibu kwamba kiwanda kikifungwa isitoke mashine hata moja mpaka afisa kazi agonge muhuri kwenye orodha iliyobandikwa getini, kila mfanyakazi na namba yake ya kazi, likizo anayodai, notisi yake peke yake, kiinua mgongo, NSSF, na tarehe ya kulipwa. Maana sisi tulipoambiwa hela hakuna malori yalikuwa yanabeba mashine usiku, hela ya kukodi malori ilikuwepo.

Nyinyi mrudini kwa yule meneja mkamuulize notisi. Na hao wafanyakazi waandikieni ukurasa wa mbele wasisubiri simu, waangalie tarehe kwenye barua zao na waende Tume wiki hii hii.

Mfanyakazi wa zamani wa kiwandani,
Mbagala, Dar es Salaam