Malalamiko kuhusu gesi inayovuja, isiyopimwa na mtu

Njiru, Nairobi
14 Julai 2025

Kwa Meneja Mkuu,
Kampuni ya Gesi ya Kupikia,
Nairobi.

Bwana Meneja,

KUH: KUVUJA KWA GESI KATIKA BOHARI YENU NA MITUNGI ISIYOFUNGA

Mimi ni mwenye duka la gesi hapa Njiru, mkabala na bohari yenu. Nimeuza mitungi yenu ya kilo 6 na ya kilo 13 tangu 2017, na kalenda yenu ya mwaka huu iko ukutani mwangu ninapoandika. Si adui yenu. Nimepiga simu ofisini kwenu mara saba tangu Mei, na mara zote saba nimeambiwa jambo langu limeandikwa. Sasa naliandika mwenyewe.

Wiki ya kwanza ya Mei, saa kumi na moja kasorobo alfajiri, nilikuwa nafungua duka huku lori lenu likishusha gesi. Mpira wa kushushia ulikuwa umeganda barafu nyeupe kwenye kiungo, na penye barafu palikuwa pakitoa sauti, sss, kama chapati inapotiwa mafuta. Chini yake kulikuwa na ukungu. Haukupanda kama mvuke wa chai. Ulitambaa, ukapita chini ya geti, ukaingia mtaroni. Mtaro huo unapita mbele ya duka langu na kushuka hadi kwa mama wa mandazi, ambaye saa hiyo alikuwa anapuliza makaa. Baadaye nilihesabu: hatua 43. Nilikimbia nikamwomba alimwagie jiko maji. Alinitukana kwanza, maana alikuwa ameshakanda unga wa kilo nne, lakini harufu ilipomfikia alilimwagia mwenyewe.

Nilipopiga simu asubuhi hiyo, dada wa simu alinijibu kwa upole kabisa: "Mama, hiyo ni harufu tu. Hewa ni kubwa, itapotea." Simlaumu, pengine ndivyo alivyofundishwa. Neno hilo ndilo lililoniudhi kuliko ukungu wenyewe.

Basi nikafanya ninaloliweza. Kila mtungi unaoshushwa kwangu naupima kwenye mizani, natoa uzito wa chuma uliopigwa chapa juu yake, naandika kinachobaki. Kisha napaka povu la sabuni kwenye valvu na kutazama. Kuanzia Mei hadi mwisho wa Juni nilipima mitungi 212, na 19 ilitoa mapovu. Hiyo naiweka uani kivulini, mbali na moto, namsubiri dereva wenu aje aichukue, na dereva wenu ni mtu wa kusubiriwa. Kufikia siku ya kuchukuliwa, ile 19 ilikuwa imepungua kilo 11.4 kwa jumla. Mmoja wa kilo 13 ulikaa siku tisa ukapoteza kilo moja na robo. Nimesahau kusema kwamba Februari, kabla sijaanza kupima, mteja wangu mmoja alinunua regulata mpya akidhani ya zamani ndiyo mbovu, kumbe ni valvu yenu. Pesa zake nilimrudishia mimi.

Nilimwendea msimamizi wa bohari nikamuuliza: nyinyi kwa mwezi mnapoteza kilo ngapi? Akacheka. Akasema huo ni upungufu wa kawaida, na tayari umo ndani ya bei. Maana yake, Bwana Meneja, ni kwamba gesi inayotambaa mtaroni kuelekea jiko la jirani yangu nimeshailipia, na wateja wangu wameilipia. Mimi wa duka la mabati nina mizani na daftari la shilingi hamsini. Kampuni yenye malori haina hesabu ya kinachoitoka.

Hadithi ya upungufu wa kawaida naijua inakofika. Binti ya dada yangu analea wazee Marekani, na mwishoni mwa 2015 alikuwa kwa mzee mmoja Porter Ranch, kaskazini mwa mji wa Los Angeles. Alikuwa akinipigia simu analalamika kichwa, na kwamba nyumba nzima inanuka kama mtungi uliolegea. Juu ya mtaa huo kuna Aliso Canyon, ghala la gesi asilia la kampuni ya SoCalGas, ambapo gesi husukumwa ardhini kwenye miamba iliyokuwa na mafuta zamani. Tarehe 23 Oktoba 2015 iligunduliwa kwamba kisima kimoja, SS-25, kinavuja. Kilichimbwa 1953 kutafutia mafuta, kikageuzwa cha gesi miaka ya 1970. Kilikuwa na valvu ya usalama chini kabisa. Ilitolewa 1979 na hawakurudisha nyingine. Watu waliougua vichwa na kutokwa damu puani waliambiwa ni dawa ya harufu tu inayotiwa kwenye gesi. Nilipomsikia dada wenu wa simu nilidhani wamesomea chuo kimoja.

Mvujo wa kisima hicho ulidhibitiwa 11 Februari 2016, baada ya siku 111. Kampuni ilijaribu kukizima kwa kukimwagia matope mazito mara saba ikashindwa, mpaka kikachimbwa kingine pembeni cha kukifikia kwa chini. Na gavana wa California, Jerry Brown, alitangaza hali ya dharura tarehe 6 Januari 2016, yaani siku ya 75. Familia zaidi ya 8,000 zilihamishwa. Serikali kuu haikuwa na kanuni za usalama wa visima vya kuhifadhia gesi ardhini. Bunge lao lilipitisha sheria ya kuagiza kanuni hizo Juni 2016, na Oktoba kikosi cha wataalamu wa serikali kikatoa mapendekezo 44. Mapendekezo 44, na valvu ilikuwa imetolewa miaka 36 kabla ya kisima kuvuja! Wachunguzi waliotoa ripoti 2019 walikuta kwamba visima vya uwanja huo vilikuwa vimevuja zaidi ya mara 60 tangu miaka ya 1970, na kampuni haikuwahi kuchunguza chanzo. Bila shaka nao walikuwa na jina la kuita mivujo hiyo.

Ukubwa wa hasara hiyo ulijulikana kwa sababu mwanasayansi alipita na ndege ndogo yenye vipimo, akirukaruka katika hewa ya juu ya kisima. Hesabu ilipokamilika ilikuwa karibu tani 97,000 za methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia. Bila ndege hiyo tungebaki na maneno ya kampuni. Methani ina ukorofi wake: katika miaka 20 tani moja hupasha joto dunia zaidi ya mara 80 kuliko tani moja ya kaboni dioksaidi. Kwa hiyo hewa ni kubwa kweli, lakini inaweka kumbukumbu. Baadaye, mwaka 2018, SoCalGas ilikubali kulipa dola milioni 119.5, na sehemu ya pesa hizo ikaenda kwenye mazizi ya ng'ombe wa maziwa ili gesi ya samadi inaswe, kufidia iliyotoka kisimani. Shangazi yangu wa Githunguri ana mtambo kama huo nyuma ya zizi na hajawahi kumfidia mtu chochote.

Najua mtajibu kwamba gesi yenu si ile. Ni kweli. Yenu ni propani na butani, haikai angani kwa muda mrefu kama methani, na sitasema mtaro wa Njiru unayeyusha barafu ya Mlima Kenya. Yenu ni nzito kuliko hewa, nayo haipandi. Inakaa chini, inatafuta bonde, inatafuta jiko. Kwa hiyo "itapotea" si kweli hata kidogo, na nyinyi mnalijua hilo kuliko mimi. Lakini kijitabu chenu cha rangi ya kijani, mlichoniletea niwagawie wateja, kinasema mnalinda hali ya hewa, tena ukurasa wa mwisho kinasema mko tayari kuleta gesi asilia siku bomba la kutoka Tanzania litakapofika. Hati ya maelewano ya bomba hilo, kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa, ilitiwa saini hapa Nairobi Mei 2021. Gesi asilia sehemu yake kubwa ni methani. Kampuni isiyojua kinachopotea kwenye kiungo cha mpira wa lori itajuaje kinachopotea kwenye bomba?

Wala msiniambie nisubiri serikali. Tulisubiri Embakasi. Usiku wa 1 Februari 2024 lori la gesi lililipuka pale Mradi, watu wakafa, mamia wakaungua. Kesho yake EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati, ikasema ilikuwa imekataa mara tatu, mwaka 2023, maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo. NEMA, mamlaka ya mazingira, nayo ikasema leseni ilitolewa isivyofaa, maafisa wake wakasimamishwa kazi. Kila ofisi ilikuwa na karatasi yake. Usiku huo nilisimama nje ya duka nikitazama mbingu ilivyokuwa nyekundu upande wa kule, nikazifunika kwa turubai mitungi yenu 30 iliyokuwa ndani, kana kwamba turubai lingesaidia kitu. Ofisi ya serikali niliyoiandikia mwezi uliopita kuhusu bohari yenu imenijibu kwamba inasubiri maelezo kutoka kwenu. Kwa hiyo tumerudi kwenu.

Ninachodai ni hiki. Kiungo cha mpira kibadilishwe na lori lishushe gesi mchana, mkiwa na mtu wa kuangalia mtaro, si alfajiri watu wakiwasha majiko. Valvu za mitungi zikaguliwe kwa sabuni kabla ya kupakiwa, kazi ya dakika moja kwa mtungi, na mtungi wenye hitilafu uchukuliwe siku hiyo hiyo. Kilo 11.4 zilizopotea uani kwangu mnirudishie, kwa sababu ni zenu mlizoniuzia na hazikufika kwa mteja. Na mpime. Mnapokea kilo ngapi kutoka Mombasa, mnauza ngapi, tofauti ni ngapi, kila mwezi, karatasi ibandikwe getini tuisome. Hilo la mwisho ndilo ninalolitaka kuliko pesa zangu.

Nakala ya daftari nimeiambatanisha, kurasa 11, pamoja na picha ya kiungo chenye barafu. Nitangoja siku 14. Baada ya hapo nitaacha kuuza mitungi yenu na barua hii nitaibandika mlangoni, mahali ilipo kalenda. Mkitaka kujionea, njooni saa kumi na moja kasorobo, lori lije lisije mtaona. Sabuni ninayo. Mama wa mandazi pia angependa kuzungumza nanyi kuhusu unga wake.

Wenu mwaminifu,

Mwenye duka la gesi,
mkabala na geti la bohari, Njiru