Taa za barabarani zinatuzimia nyota

Mhariri, asalaam alaykum.

Mie sipingi taa za barabarani, nalisema mapema kabla sijaambiwa napinga maendeleo. Barabara ya huku kwetu kaskazini Pemba ilikuwa giza totoro na watoto wanarudi chuoni baada ya isha, taa zilitakiwa. Ninachouliza ni kwa nini hizi mpya zinamulika hadi juu mbinguni, na kwa nini lazima ziwe nyeupe vile, nyeupe ya kuelekea buluu.

Watu wakisikia mtu anatizama nyota wanajua anapiga ramli (na gazeti lako nalo limo, kila toleo "nyota yako wiki hii" lakini falaki yenyewe, elimu ya nyota, hakuna). Kumbe wenzetu huko duniani wanahesabu vitu vya mbinguni kama karani anavyohesabu magunia. Pale Palomar, kituo cha kutizamia nyota huko California, Marekani, mtaalamu wa falaki Richard Green na wenzake walipekua zaidi ya robo ya mbingu yote kwa darubini yenye upana wa sentimita 46 tu, wakitafuta vitu hafifu vya rangi ya buluu. Kila kipande cha mbingu walikipiga mara mbili kwenye picha moja, mara kwa urujuanimno (mwanga uliopita zambarau, jicho haliuoni), mara kwa buluu, wanasogeza kidogo ili kila nyota iache alama mbili ubavuni. Nyota ya kawaida alama yake ya urujuanimno inafifia, lakini kitu chenye joto kali inatoka wazi, basi hicho ndo kinaandikwa na baadae kinapimwa vizuri. Orodha ilitoka 1986 ina vitu zaidi ya 1,800. Humo mna vibete vyeupe, yaani nyota zilizokwisha kuni zao zikasinyaa hadi ukubwa wa dunia yetu hivi, na mna kwasari ambazo si nyota kabisa, ni viini ving'avu mno vya galaksi za mbali, nje ya galaksi yetu, ile maarufu 3C 273 iko zaidi ya miaka bilioni 2 ya mwanga.

Sasa mwanga wao. Hupimwa kwa magnitudi, namba ikizidi kitu kinafifia, na hatua 5 ni mara 100. Jicho tupu kwenye giza zuri linafika 6 hivi, wale wa Palomar walifika kama 16, yaani vitu hafifu mara 10,000 kuliko nyota ya mwisho tunayoiona sie kwa macho. Huwezi kupima kitu kama hicho chini ya mbingu inayowaka, na mwanga wa buluu ndo mbaya zaidi maana unatawanyika hewani kuliko mwekundu, si ndo maana mchana mbingu ni buluu! Kwa hiyo taa hizi zinaziba kwanza ile ile rangi inayotafutwa. San Diego, mji wa karibu na Palomar, waliliona hilo wakaweka taa za sodiamu za njano barabarani, na mji haukurudi gizani.

Utaniambia Pemba hakuna darubini kubwa. Sawa, lakini tuko digrii 5 hivi kusini mwa ikweta, tunaona Msalaba wa Kusini na tunaona Dubu Mkubwa pia, Mzungu wa London hana bahati hiyo. Mwanafunzi wa skuli akiwa na darubini ndogo na kamera anaweza kujifunza kupima mwanga wa nyota kwa kuulinganisha na wa nyota iliyokwisha kupimwa, ila awe na giza.

Nawaomba wanaohusika, taa zinazobaki kufungwa zivishwe kofia zimulike chini tu, barabara ndo iko chini. Na balbu ziwe za njano, kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 3000 au pungufu, imeandikwa kwenye boksi, zile za 6000 zisiletwe. Zilizokwisha fungwa huku Wete basi angalau zipunguzwe nguvu baada ya saa sita usiku, saa hizo barabarani wamebaki paka tu.

Mpenda falaki,
Wete, Pemba