Barua kwa mwanangu wa siti namba 14

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Mama yako kalala, mimi nimekaa barazani na kalamu. Kuna maneno nikijaribu kuyasema kwenye simu nitaishia kukuuliza kama Dodoma kuna baridi.

Tangu uliponisomea yale majibu ya hospitali kuhusu tumbo lako, akili yangu inarudi kwenye safari moja tu. Desemba ya mwaka juzi, unarudi likizo, nikakupandisha kwenye basi langu mwenyewe. Tumeipita Gairo, konda akaniinamia sikioni: "Mkuu, siti 14 anaomba kuchimba dawa." Nilijua siti 14 kakaa nani. Nikamjibu bila kugeuza shingo, "Mwambie avumilie, tutasimama Dumila." Tulikuwa nyuma ya muda. Nikakuona kwenye kioo cha ndani umejikunja, khanga umeibana tumboni, uso unametameta jasho. Dumila ulishuka mlango haujafunguka vizuri, na uliporudi ile khanga ilikuwa kiunoni. Hukusema kitu. Na mimi sikuuliza, maana kwetu baba na binti hawazungumzi habari za choo.

Miaka 26 nimesimamisha basi kwa ajili ya walevi, watoto wa watu, wazee wenye sukari. Mwanangu nikamwambia avumilie. Nisamehe, mama.

Na lingine. Ulipomwambia mama yako kwamba unaona damu, sote tulisema amiba. Zahanati ya mtaani ikakupa Flagyl mara mbili, ya tatu nikakununulia mimi dukani bila kumuuliza mtu. Ukipata nafuu siku nne tunasema umepona. Ukikonda tunasema ni mitihani. Kumbe ulikuwa unapungukiwa damu mbele ya macho yetu.

Sasa jina tunalo: kolaitisi ya vidonda. Nilimuomba daktari anieleze kama anavyomweleza dereva, akakubali. Akasema kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, imegeuka kuushambulia utando wa ndani wa utumbo mpana, ndiyo maana unavimba, unatoka vidonda na damu. Hauambukizi. Hukuupata kwa pilipili wala kwa chipsi za chuoni. Shangazi yako anasema umetupiwa kitu, na ameshaandaa chupa ya mwarobaini. Mpokee kwa heshima, chupa iache huko huko.

Nililalamika kwa nini walikuzungusha wiki nzima na vipimo vya choo baada ya kile kipimo cha kamera ya kutazama utumbo, na zile nyama ndogo walizokata kupeleka maabara. Akanijibu kitu kilichoninyamazisha. Dawa za kutuliza uvimbe, akimeza mtu ambaye kumbe tatizo lake ni amiba, zinaweza kumharibia utumbo vibaya sana. Kwa hiyo lazima wajiridhishe kwanza. Basi yule daktari niliyemnung'unikia alikuwa anakagua breki kabla ya mteremko.

Na hapo ndipo ninapokuomba unisikilize. Hizo prednisoloni ulizoanza, ndizo dawa zenyewe za kutuliza uvimbe, zitakuvimbisha mashavu, zitakutia njaa ya ajabu na kukunyima usingizi, ndiyo maana umeambiwa unywe asubuhi. Najua utajitazama kwenye kioo na kutaka kuziacha. Usithubutu. Mwili ukizizoea hupunguza kutengeneza homoni yake ya namna hiyo, ukikata ghafla unaanguka. Wewe umepita mteremko wa Kitonga na mimi ukiwa mdogo. Uliona jinsi malori yanavyoshuka, kwa gia nzito, taratibu. Wanaotia frii wameacha vyuma vyao bondeni. Dozi inapunguzwa vivyo hivyo, kidogo kidogo, kwa namba alizokuandikia daktari.

Mesalazini ni habari nyingine. Hiyo utaendelea nayo hata siku ambazo tumbo limetulia kabisa na umesahau kama uliwahi kuumwa. Ugonjwa huu hulala na kuamka. Dawa ndiyo inayoulaza, na wengi huiacha kwa sababu tu wanajisikia wazima. Gharama isikuumize kichwa. Pale bima itakapogoma, kuna ile bodaboda yangu, na mnunuzi ameshaiulizia mara mbili.

Kichwa kikiuma meza panado. Diklofenaki na ibuprofeni uziogope, zinaweza kuuamsha. Ukiona joto kali, tumbo limejaa na kuuma, au damu inatoka mfululizo, usinipigie mimi kwanza. Nenda hospitali, utanipigia ukiwa njiani.

Chakula, mama yako atakuandikia kurasa zake. Mimi nasema hivi tu: sasa hivi likiwa limechafuka, pumzisha maharage na mahindi ya kuchoma, kula wali, ndizi za kupika, samaki. Likitulia utajaribu kimoja kimoja. Chukua daftari uandike umekula nini na tumbo limejibu nini, kama mimi nilivyokuwa naandika mafuta na kilomita. Kisichokudhuru kula, hata kama mtu kakuambia wagonjwa wa tumbo hawakili. Na Ramadhani ikifika, muulize daktari mapema. Mgonjwa ana ruhusa yake ndani ya Kitabu, wala hujamkosea mtu.

Kuna jambo nimelifikiria sana mpaka nikacheka peke yangu. Mimi, dereva wa basi, nimeulizia nauli ya treni ya umeme. Choo kimo humo humo ndani, unanyanyuka unakwenda, hakuna konda wala Dumila. Kuanzia sasa utarudi nyumbani kwa treni, na wenzangu wa stendi wakisikia wacheke wanavyotaka. Darasani nako kaa karibu na mlango, na umweleze mhadhiri mmoja unayemwamini. Kwenye mkoba weka nguo ya ndani ya kubadili na tishu. Mimi nilitembea na spea tairi maisha yangu yote, hakuna aliyenicheka.

Jumamosi nakuja, nitakaa siku tatu. Nimekutumia elfu 60 kwenye simu, ya dawa na ya nauli za kliniki. Ukizipokea nijibu, ila usiniandikie "naendelea vizuri baba". Niandikie leo umekwenda mara ngapi, usiku umeamka mara ngapi, na damu ilikuwepo au haikuwepo. Nimenunua daftari la kwangu pia, na ukurasa wa kwanza bado uko mtupu.

Baba yako