Entropi, kabla ya kipindi cha kesho

Jamani habari za jioni, naona bado mnabishana humu eti mmenyuko ukinyonya joto hauwezi kwenda wenyewe, sio kweli, chukua barafu tu, inayeyuka yenyewe huku inanyonya joto, kila moli (gramu 18 hivi) inavuta kama jouli 6,010 na entropi (kipimo cha jinsi nishati na chembe zinavyotawanyika) inapanda jouli 22 kwa kelvini, sasa gawa 6,010 kwa 22 unapata kelvini 273, yaani nyuzi 0 Selsiasi pale pale, mara ya kwanza kupiga hiyo hesabu nilicheka peke yangu. Ukipita hapo TΔS (halijoto mara badiliko la entropi) inaizidi ΔH (joto linalonyonywa), kwahiyo ΔG, yaani ΔH kutoa TΔS, inakuwa hasi, na hasi maana yake inaenda yenyewe. Chini ya hapo maji ndo yanaganda, entropi yake inashuka kweli ila joto linalotoka linapandisha ya mazingira zaidi, kwahiyo jumla bado inapanda.

Halafu "yenyewe" sio "haraka" jamani!! Almasi kugeuka grafiti ΔG ni hasi ila nani ataisubiri.

Kesho mje na swali la amoniamu nitrati kwenye maji (chumvi inayoyeyuka yenyewe huku inanyonya joto), na tafadhali geuzeni kilojouli ziwe jouli kwanza, hapo ndo wengi mnaanguka.