Askari wavishwe reflekta kabla ya kupangwa njiani usiku

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie hatari ya kugongwa na gari usiku inayowakabili askari polisi wetu hapa Zanzibar, ambayo ni nadra kusikia ikitajwa.

Zikizungumzwa hatari za kazi ya polisi, watu hukumbuka mara moja kituo cha Stakishari, Dar es Salaam, kilichovamiwa Julai 2015, askari 8 waliouawa kwa kuviziwa huko Kibiti Aprili 2017, na yule mtu aliyewaua askari 3 na mlinzi mmoja karibu na Ubalozi wa Ufaransa Agosti 2021. Sisi wa Unguja tunao msiba wetu wa Oktoba 2012, pale askari alipouawa kwa kukatwa mapanga Bububu wakati wa vurugu. Ni mambo mazito, na waliofikwa wanastahiki kukumbukwa. Hata hivyo, mambo hayo hutokea mara chache, na kila yalipotokea viongozi walisema na magazeti yakaandika. Askari anayesimama barabarani saa tatu ya usiku na tochi mkononi yuko hatarini kila gari inapopita, na hakuna kikao kinachoitishwa kwa ajili yake.

Mimi ni dereva wa gari ya abiria, na wasomaji wanajua kuwa madereva na trafiki hatunywi chai meza moja. Kwa hiyo nitalieleza jambo hili kwa upande wa anayeshika usukani. Gari inayokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva aliye makini, asiyechezea simu, huhitaji sekunde moja au zaidi kutambua kilichopo mbele yake na kupeleka mguu kwenye breki, na muda huo gari imeshakwenda mita 22 hadi 30 bila ya breki kushika. Ikishika, hata kwenye lami kavu na kwa tairi nzima, itataka mita nyengine zaidi ya 30 mpaka isimame. Sasa taa za chini, ambazo ndizo tunazotakiwa kuwasha tunapopishana, mara nyingi hutuonyesha mtu aliyevaa khaki tukiwa tumeshamkaribia kuliko umbali huo. Sare nyeupe ya trafiki inasaidia kidogo, lakini kitambaa cheupe hutawanya mwanga kila upande, wakati reflekta huurudisha kule kule ulikotoka, yaani machoni mwa dereva, akamwona askari angali mbali.

Mwezi uliopita nilikuwa narudi na abiria wa mwisho njia ya Fuoni huku mvua ikinyesha, nikamkuta askari kasimama ukingoni mwa lami akitupungia tochi ya simu. Koti lake la mvua lilikuwa jeusi. Kilichoonekana kwenye kioo ni nukta ya mwanga tu, ambayo ingeweza kuwa ya mtu aliyeharibikiwa na vespa. Abiria wa kiti cha mbele ndiye aliyetanguliza ukelele, na gari iliposimama, askari yule alikuwa usawa wa kioo cha pembeni. Alituuliza leseni kwa upole, akaturuhusu, kisha akarudi pale pale alipokuwa.

Polisi wenyewe nao wana lao. Trafiki anayejificha nyuma ya mwembe, halafu akachomoza ghafla katikati ya njia ili amnase anayekwenda kasi, anajitia mwenyewe mbele ya gari ambayo anajua fika kuwa haiwezi kusimama. Yule anayejaribu kumkamata mwenye vespa kwa kumvuta shati, chombo kikiwa kwenye mwendo, anaweza kuburuzwa. Mbaya zaidi ni ile desturi ya askari mmoja kupanda gari la mtu aliyemtuhumu ili waongozane kituoni, mlango ukafungwa na asijulikane anapelekwa wapi. Kule Pemba, kwa ile milima na kona za njia ya Chake Chake kwenda Wete, kusimamisha gari mara tu baada ya kona ni kumhatarisha askari pamoja na abiria. Haya hayahitaji fedha. Yanahitaji amri ya mkuu wa kituo na usimamizi wake.

Yanayohitaji fedha yana ugumu wa aina nyengine. Jeshi la Polisi ni jambo la Muungano, kwa hiyo sare na vifaa vya askari vinapangiwa bajeti katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Barabara, taa zake na alama zake ni za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mwakilishi wetu akisimama Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi, ataulizia taa, na Mbunge wetu akisimama Bungeni Dodoma ataulizia, akijaaliwa, vituo na nyumba za askari. Kizibao cha reflekta, ambacho mafundi wa barabara wanakivaa mchana kweupe, hakina msemaji upande wowote.

Naiomba Kamisheni ya Polisi Zanzibar, pale Ziwani, isimpange askari yeyote kwenye ukaguzi wa usiku, awe trafiki au wa kazi za kawaida, bila ya kizibao na koti la mvua vyenye reflekta, tochi ya kuongozea magari, na alama ya tahadhari iliyowekwa mita 100 hivi kabla ya pale aliposimama. Nawaomba pia Wabunge wetu waulize katika kikao kijacho cha bajeti ni vifaa vingapi vya aina hiyo vimefikishwa katika kila mmoja wa mikoa yetu 5. Na wenzangu tunaoendesha gari za abiria, tukiona tochi mbele tupunguze mwendo kwanza, ubishi wa leseni tutaumaliza gari ikiwa imesimama.

Wako,
Dereva, mkaazi wa Fuoni,
Unguja