Watoto waandaliwe kwa mchezo kabla ya sindano

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie desturi tuliyoizoea katika vyumba vya sindano, ya kumwambia mtoto kwamba hataumia, kisha kumkamata mikono na miguu mpaka adungwe. Mchomo hupita upesi, lakini hofu ya kukandamizwa, pamoja na kugundua kwamba mzazi amemdanganya, huweza kudumu, na wapo watu wazima wanaokwepa kupimwa damu kwa sababu hiyo.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo ya kupunguza maumivu ya chanjo, na mengi hayana gharama: mtoto mchanga apakatwe na mlezi na anyonyeshwe inapowezekana, chanjo zikiwa kadhaa, ile inayouma zaidi itolewe mwisho, na walio chini ya miaka 6 washughulishwe kwa vitu vya kuchezea, video au mazungumzo.

Kwa maoni yangu, mapovu ya sabuni yanaishinda video, kwa kuwa mtoto anayeyapuliza hulazimika kutoa pumzi polepole, mwili wake ukalegea, naye akawa na kazi ya kufanya badala ya kungoja tu kufanyiwa. Hata hivyo, kumshughulisha si kumvizia. Aelezwe kwanza, kwa maneno machache, kwamba atahisi mchomo na kwamba utakwisha. Kwa atakayeshonwa kidonda au kuwekewa dripu, mwanasesere na bomba lisilo na sindano husaidia sana, kwani mtoto anapomtibu mwanasesere wake huuliza yale yanayomtisha, kama vile iwapo damu yote itamwishia, na mtu mzima hupata nafasi ya kumjibu. Achague pia mkono wa kudungwa, lakini asiulizwe kama yuko tayari ikiwa jibu la hapana halitakubaliwa.

Najua wauguzi wataniambia kwamba foleni ni ndefu. Ni kweli, ila mtoto anayepigana na watu watatu huichelewesha foleni hiyo hiyo, na hurudi mara nyingine akiwa na hofu zaidi. Ninachoomba ni kila chumba cha matibabu ya watoto kiwe na sanduku la vitu vya kuchezea vinavyooshika, na mtu mmoja, awe mzazi au mhudumu, apewe jukumu la kuzungumza na mtoto wakati mwenzake akishika sindano.

Wako,
Mzazi na msomaji wa gazeti hili