Matangazo ya kazi za TEHAMA yametuchosha, tupeni majina ya kampuni

Ndugu Mhariri,

Nimesoma ushauri wenu kwenye ukurasa wa ajira kwamba kijana aliyesomea kompyuta aingie mtandaoni aangalie matangazo, nikacheka peke yangu kwenye daladala mpaka konda akanigeukia. Mhariri, sisi huko mtandaoni ndo tunakoshinda, kinachoisha ni bando, matangazo hayaishi.

Mi ni divelopa, yaani naandika programu za kompyuta, nimemaliza chuo hapa hapa Dar, nikakaa Sinza kwa dada yangu zaidi ya mwaka natuma sivii tu. LinkedIn, BrighterMonday, na magrupu manne ya wasapu. Tangazo likitoka saa tatu asubuhi, mchana LinkedIn inakwambia walioomba wameshapita mia. Halafu tangazo hilo hilo unalikuta wiki mbili baadaye kwenye grupu, mtu kafuta tarehe ya mwisho, ukiuliza unaambiwa we tuma tu bahati yako. Zile za rimoti, za kufanyia nyumbani kwa kompyuta, ndo usiseme, unasoma weee umeshajiona unalipwa dola, chini kabisa wanaandika lazima uwe unaishi Marekani. Na kuna moja walitaka nitume elfu ishirini ya fomu ya usaili, nikaandika jina lao kwenye mfumo wa BRELA, wanaosajili makampuni, halipo, nikaachana nao, ila jirani yangu alikuwa ameshatuma na mpaka leo hapokelewi simu.

Kazi za serikali sizigusi hapa, huko Ajira Portal ndo mlango wenyewe, unaweka namba ya NIDA na vyeti vilivyogongwa muhuri wa mwanasheria, unaomba Afisa TEHAMA Daraja la II unasubiri kuitwa. Nazungumzia kampuni binafsi za hapa mjini, maana wenzangu karibu wote waliopata kazi huko hawakuona tangazo lolote.

Basi nikasema ngoja nijaribu saraka za makampuni. Nikaprinti kurasa za kompyuta na programu, nikazipanga kwa maeneo nauli isinimalize, siku ya Posta, siku ya Mikocheni, siku ya Kijitonyama. Mikocheni nimezunguka nusu saa juani natafuta jengo, nafika nakuta saluni ya kike. Mlinzi akanitazama na bahasha yangu ya khaki akasema, "Hao wa kompyuta? Walihama kitambo mdogo wangu, na kodi ya watu hawajalipa." Siku ile nilitembea ofisi tano nikakuta mbili, moja yenyewe wanauza wino wa printa. Tatizo la saraka ni kwamba kampuni ikishaandikwa imeandikwa, ikifa hakuna anayeenda kuifuta.

Kidogo niache, ila kaka mmoja fundi wa mitandao akaniambia kwa nini usiangalie orodha za wenye leseni. Kumbe TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanaweka kwenye tovuti yao majina ya waliopewa leseni za mitandao, huduma na maudhui, na Benki Kuu nao wana orodha ya watoa huduma za malipo. Leseni ina muda wake, lazima ihuishwe, kwa hiyo jina likiwepo pale angalau kuna mtu bado analipia. Orodha yenyewe haina maneno mengi, jina na aina ya leseni, mengine unatafuta mwenyewe.

Nikachagua kampuni kumi na mbili. Badala ya kutuma sivii nikaanza kutumia vitu vyao, na hapa ndo penyewe mhariri, maana tangazo linakuorodheshea wanachotaka wao, miaka mitano ya uzoefu na kadhalika, lakini ukiwa na jina tu unaweza kwenda ukaona mwenyewe wanapokwama. Moja walikuwa na huduma ya USSD, zile menyu za kubonyeza nyota na reli bila intaneti, nikaibonyeza kwa kisimu changu cha kitochi, nikafika menyu ya tatu chaguo la mwisho linakatika katikati ya neno. Ujumbe mmoja wa USSD unabeba herufi 182 tu, wao walikuwa wameitafsiri menyu ya Kiingereza kwenda Kiswahili, maneno yakarefuka, hakuna aliyehesabu. Nikawaandikia imeili ya mistari sita, nikawaonyesha inapokatika na jinsi ya kuigawa kurasa mbili, sivii nikaiambatanisha chini. Kimya siku tisa. Ya kumi wakapiga. Nina mkataba wa miezi mitatu, sio mkubwa, lakini nauli ya mwendokasi najilipia na kwa dada naleta mchele. Wale wengine kumi na moja, wawili walinijibu hawana nafasi, tisa mpaka leo kimya, nisiwadanganye wenzangu.

Ombi langu basi, ule ukurasa wa ajira nusu yake wekeni majina ya kampuni kutoka kwenye hizo orodha, zinafanya nini na ziko mtaa gani. Ila mwandishi wenu apige simu kwanza kabla ya kuchapa. Ile saluni ya Mikocheni bado iko kwenye saraka kama kampuni ya programu, nimeangalia jana usiku.

Msomaji wenu,
Sinza, Dar es Salaam